Moshi wa saa ya chakula: kisa cha meko ya sebuleni Lushoto

Nyumba yenyewe iko juu ya mji wa Lushoto, upande wa njia ya kwenda Irente. Ina kuta nene za mawe, paa la bati, na sebule yenye meko ya kuotea moto iliyojengwa enzi za mkoloni. Mtu wa Tanga mjini, ambaye Januari hawezi kulala bila feni, huona ajabu kwamba ndani ya mkoa wake kuna nyumba zenye dohani, yaani njia ya moshi inayotokeza juu ya paa. Lakini Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unateremka kutoka msitu wa Magamba mchana kweupe, jioni watu wanatembea na makoti, na usiku moto unahitajika kwelikweli. Wajerumani waliouita mji huu Wilhelmstal walipendea baridi hiyohiyo, na nyumba nyingi za zamani zimebaki na meko zao, nyingine zikitumika, nyingine zimezibwa na kuwekewa kabati la televisheni. Mimi ni mwashi, na kila nikiona meko iliyozibwa naumia, kwa sababu mara nyingi tatizo lilikuwa dogo.

Wenye nyumba ni mwalimu mstaafu na mkewe. Waliikarabati vizuri sana. Madirisha ya mbao yaliyokuwa yamelegea waliyang'oa wakaweka ya alumini yenye vioo na mpira wa kuzibia. Dari la zamani la mbao, lililokuwa na nafasi kila mahali, lilibadilishwa likawekwa la jipsamu. Chini waliweka vigae, na jikoni wakafunga feni kubwa ya kutolea moshi na mvuke. Wakasubiri baridi wakiwa na hamu ya kukaa na wajukuu mbele ya moto. Baridi ilipofika, moshi ukawafukuza sebuleni.

Walivyonieleza ni hivi: moto ukiwashwa saa kumi jioni unawaka bila shida. Ikifika saa moja na nusu hivi usiku, moshi unaanza kurudi. Haurudi wote. Unajikunja chini ya ukingo wa juu wa meko, unapanda na ukuta, unatanda chini ya dari jipya ambalo tayari limeanza kuwa na doa la kahawia. Macho yanawasha, watoto wanakohoa, mwisho mtu anamwagia moto maji na sebule yote inanuka masizi mpaka kesho yake.

Mafundi wawili walikuwa wameshapita. Wa kwanza alisema dohani ni fupi, iongezwe mita moja na nusu kwa matofali. Wa pili aliifagia, akatoa masizi ya kujaza gunia, moshi ukapungua kwa siku chache kisha ukarudi palepale. Baada ya hapo wazee wakakata tamaa na meko. Wakaanza kuingiza jiko la mkaa chumbani, milango na madirisha yamefungwa, wakilala nalo mpaka lizime lenyewe. Binti yao aliposikia hilo kwenye simu ndipo aliponitafuta.

Hapa sikuweza kungoja hadi nimalize uchunguzi, nikalisema kabla hata sijaingia sebuleni. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni inashikamana na damu mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaumwa kichwa kidogo, anajisikia mzito, anadhani ni usingizi. Akilala, anaweza asiamke. Moshi wa kuni angalau unakukera ukatoka. Mkaa uliokolea hauna moshi, na kwa sababu hiyo watu wanauamini. Mama alinisikiliza, akaniambia kwamba asubuhi kadhaa ameamka kichwa kinamgonga akadhani ni presha. Jiko lilitoka chumbani siku hiyohiyo. Mengine yote ninayoeleza hapa yalikuwa ya starehe ya nyumba. Hili lilikuwa la uhai.

Niliomba moto uwashwe kama wanavyowasha siku zote, nami nikae niutazame. Mwalimu alikuwa ameshashawishika na habari ya dohani fupi, akawa ananichorea kwenye karatasi jinsi matofali yatakavyopandishwa. Mama akajibu akiwa jikoni:

"Mimi nimewaambia tangu mwanzo, moshi unaanza nikianza kupika. Hakuna anayenisikia."

"Mama, wewe unapika huko, moshi uko huku. Vinahusianaje?"

"Sijui vinahusianaje. Najua ninachokiona."

Alikuwa amekiona sawasawa. Nilimwomba kijiti cha udi, akaleta. Udi ni kifaa kizuri kuliko vyote kwa kazi hii, kwa sababu uzi wake wa moshi ni mwembamba na unafuata hewa hata ile usiyoisikia kwenye ngozi. Niliushika hatua moja mbele ya meko, feni ya jikoni ikiwa imezimwa. Uzi ulipanda kidogo, ukalala kuelekea motoni, ukaingia ndani ya meko na kupotea. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nikamwambia Mama awashe feni. Uzi ulisimama wima, ukayumba kama usiojua pa kwenda, kisha ukageuka ukalala kuelekea mlango wa jikoni. Sekunde chache baadaye moshi wa meko nao ukaanza kujikunja chini ya ukingo na kuufuata. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu na karatasi yake mkononi. Nikamwomba afungue dirisha la sebule kiasi cha upana wa kiganja. Moshi ukarudi motoni palepale, feni ikiwa bado inazunguka.

Sababu yake inaeleweka ukiifuata hewa yenyewe. Hewa iliyopata moto ni nyepesi, inapanda kwenye dohani, na inapopanda lazima nyingine iingie kushika nafasi yake. Meko ya wazi kama hii inavuta kwa saa moja hewa nyingi kuliko yote iliyomo sebuleni. Zamani hewa hiyo ilipenya kwenye madirisha yaliyolegea, chini ya milango na kwenye nafasi za dari. Nyumba ilikuwa inapumua bila mtu kujua. Ukarabati uliziba vyote hivyo. Saa kumi jioni milango inafunguliwa na kufungwa, watoto wanaingia na kutoka, kwa hiyo moto unapata hewa yake. Usiku kila kitu kimefungwa, feni inawashwa, na feni ina nguvu kuliko moto. Hewa ikikosa pa kuingilia, inashuka kwenye dohani, na moshi unakuja nayo.

Kuhusu urefu nilipanda kuangalia, maana hukumu ya kutazama kwa chini siipendi. Ncha ya dohani ilikuwa imepita kilele cha paa kwa zaidi ya sentimita 60, na hakuna mti wala ukuta mrefu uliokuwa karibu. Hicho ni kiwango kinachokubalika kwa dohani inayotokea karibu na kilele. Kuongeza mita moja na nusu kungeongeza mvuto kidogo, lakini kungewagharimu fedha nyingi huku feni ikiendelea kushinda.

Kulikuwa na jambo la pili, dogo, ambalo ukarabati ulilifichua. Nilipima mdomo wa meko: upana sentimita 90, kimo sentimita 75, yaani sentimita za mraba 6,750. Tundu la dohani lilikuwa 25 kwa 25, yaani 625. Kanuni ya kazi hii ni kwamba tundu lisipungue sehemu moja ya kumi ya mdomo, na hapa lilikuwa limepungua kidogo. Nyumba iliyokuwa inapumua ilivumilia upungufu huo, iliyofungwa haikuweza. Kulijua hili hakuhitaji mahesabu. Nilichukua kipande cha bati, nikakishikilia kwenye ukingo wa juu wa meko na kukishusha polepole moto ukiwaka. Kiliposhuka kama sentimita 10, hata mabaki ya moshi yaliyokuwa yanaponyoka pembeni yaliingia ndani yote. Benjamin Thompson, yule mzaliwa wa Marekani ajulikanaye kama Count Rumford, alikuwa akitibu meko za London kwa njia ya jamaa moja na hii, na mwaka 1796 akachapisha maandishi juu yake: alibana koo la dohani, akapunguza kina cha meko na kuzilaza kuta za pembeni ili joto litupwe chumbani badala ya kupotelea juu. Watu wengi wakiona moshi wanafikiria kuongeza, na mimi nimeona kupunguza kukifaulu mara nyingi zaidi.

Tulichofanya kilikuwa kifupi. Tulitoboa ukuta wa nje sehemu mbili, chini, kila upande wa meko, tukapitisha mabomba ya inchi 6 yenye wavu wa kuzuia panya na nyoka na kifuniko cha kufunga wakati hakuna moto. Kwa pamoja yanatoa nafasi ya sentimita za mraba 360 hivi, ambayo ni zaidi ya nusu ya tundu la dohani. Baridi inayoingia hapo inakwenda moja kwa moja motoni bila kupita miguuni mwa watu waliokaa. Kisha tukashusha ukingo wa meko kwa safu ya matofali ya kuchoma yaliyobebwa na chuma bapa, yakashikanishwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, kwa sababu saruji tupu ikipata moto wa kila siku hupasuka. Feni ilibaki, Mama anaipenda na ana haki. Akiiwasha, anafungua dirisha la jikoni kidogo.

Kuni ndizo zilinichukua muda zaidi ya uashi, na hapo ndipo kazi ilipoacha kuwa ya fundi ikawa ya mwenye nyumba.

Kuni zao zilikuwa mikaratusi iliyokatwa karibuni, magogo mazima, yamerundikwa ukutani na kufunikwa turubai la nailoni mpaka chini. Nilichukua magogo mawili nikayagonganisha: mlio mzito, uliokufa. Ukuni mkavu ukigonganishwa na mwenzake unalia, na ncha zake zina nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni. Mti mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Mzigo wa kilo 20 wa namna hiyo ni sawa na kuweka ndoo ya lita 10 juu ya moto na kungoja ikauke yote kabla hujapata joto la kuota. Moshi wake ni mzito na wa baridi, unagandia ndani ya dohani na kuwa lami nyeusi inayong'aa. Yule fundi wa pili alitoa gunia la masizi lakini hakujiuliza yametoka wapi. Lami hiyo ikizidi inaweza kushika moto ndani ya dohani, na chini ya paa lenye mbao hilo ni balaa.

Mkaratusi wenyewe si mti mbaya. Ukichanjwa ukiwa mbichi, maana ukikauka mzima unakataa shoka, ukapangwa juu ya mabanzi ili usiguse ardhi, ukafunikwa juu tu na pembeni ukaachwa upepo upite, baada ya mwaka unawaka kwa nguvu na kukaa muda mrefu. Magome yake yanayojibandua yenyewe ni ya kuwashia, hayana mfano. Muwati ndio ninaoupenda kuliko yote: unakauka haraka, moto wake ni mkali na tulivu, na makaa yake hayaishi upesi. Mabanzi ya misindano yanayotoka kwenye viwanda vya mbao yanafaa kwa kuanzishia, lakini utomvu wake unapasuka na kurusha cheche, kwa hiyo wavu wa chuma uwepo mbele na zulia liwe mbali. Matawi yanayopunguzwa kwenye miti ya peasi na parachichi watu wanayaachia yaoze shambani. Yakichanjwa na kukaushwa ni kuni safi kabisa. Msitu wa Magamba ni hifadhi, na mtu mwenye muwati na mkaratusi shambani kwake hana sababu ya kuutamani.

Jioni tuliyowasha moto wa kwanza baada ya matengenezo, mjukuu wao wa kike alikuwa amefika likizo kutoka Tanga mjini. Alitaka kuchochea kila dakika, kama watoto wote, na kama watu wazima wengi pia. Mwalimu, ambaye wiki ile alikuwa ameuliza maswali kuliko mwanafunzi, alikuwa ameshaanza kufundisha.

"Babu, nichochee?"

"Subiri kwanza. Sikiliza. Unasikia nini?"

"Ule mmoja unasema tsss."

"Huo una maji. Angalia ncha yake, inatoa povu. Uvute pembeni uegemee ukuta ukauke, utarudi baadaye."

Tuliuwasha kwa juu. Kuni kubwa zilikaa chini, za kadiri juu yake zikiwa zimepishana, vijiti na magome juu kabisa, na kiberiti kikapigwa hapo juu. Watu wengi wanaona kinyume, kwa sababu kwenye mafiga tunawasha kwa chini. Lakini moto wa meko ukianzia juu, dohani inapata joto mapema, na gesi inayotoka kwenye kuni za chini inapita ndani ya ndimi za moto na kuungua badala ya kutoka kama moshi. Kabla ya hapo nilimfanya Mwalimu akunje gazeti, aliwashe, alishike juu kooni mwa dohani. Dohani iliyolala na baridi imejaa hewa nzito. Usipoipasha kwanza, moshi wa mwanzo utarudi chumbani hata kama kila kitu kiko sawa. Gazeti liliwaka kwa uvivu, mwali ukicheza huku na huku, kisha ghafla ukanyooka ukavutwa juu na kuanza kuvuma. Mwalimu aliangua kicheko. Ule mvumo ukishausikia mara moja, hutasahau, na kila jioni utautafuta.

Baada ya hapo kazi ni kutazama, na kutazama huku ndiyo raha yenyewe. Ukuni mmoja hauwaki peke yake. Joto lake linapotea pande zote. Miwili inasaidiana, mitatu ni bora, ikiachiana nafasi ya kidole. Ikigusana mno hewa haipiti, ikiachana mno kila mmoja unapoa. Wakati wa kuongeza ni pale ndimi zinapofupika lakini makaa yanang'aa na ukuni bado una umbo lake. Ukiwahi unaubana moto, ukichelewa unaanza upya. Ongeza mmoja, sogeza ulioungua katikati, acha. Majivu yasizolewe yote. Tabaka la sentimita tatu au nne linahifadhi joto chini ya makaa. Na mara moja kila jioni toka nje uangalie ncha ya dohani. Ukiona moshi mzito wa kijivu, kuni zako zinapotea angani. Moto mzuri, ukishakolea, juu yake huoni kitu ila hewa inayotetemeka.

Nilimweleza Mwalimu wazi kwamba meko ya wazi si njia ya kubana matumizi, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto inapita juu. Kinachokufikia ni mnururisho, yaani joto linalotoka motoni moja kwa moja na kukupiga usoni na magotini, pamoja na joto linaloingia kwenye kuta za mawe na kutoka taratibu usiku. Mtu anayetaka nyumba yote iwe na joto kwa kuni chache anunue jiko la chuma lenye mlango. Anayetaka kukaa na watu wake mbele ya moto, viazi vikiwa vimefukiwa kwenye majivu ya moto pembeni na chai ya tangawizi ikizunguka, hii inamtosha, na mimi siwezi kujifanya kwamba haya mawili ni kitu kimoja.

Usiku makaa yanakusanywa nyuma na kufukiwa kwa majivu, kama bibi zetu walivyofanya kwenye mafiga ili wasiende kuomba moto kwa jirani. Kifuniko cha dohani hakifungwi kamwe makaa yakiwa hai, hata kama yamefukiwa, kwa sababu gesi ni ileile ya jiko la mkaa. Mwalimu akiamka kwa sala ya Alfajiri anayafukua, anaweka magome mawili na vijiti, anapuliza kidogo, na Mama anakuta moto ukiwa tayari. Majivu yaliyozidi yanakaa kwenye ndoo ya bati nje, mbali na ukuta, siku kadhaa, maana kaa linaweza kubaki hai ndani yake kwa muda mrefu, kisha yanakwenda kwenye kabichi. Udongo wa milima hii una tindikali na majivu yanaupunguzia.

Tatizo moja halijaisha. Upepo ukivuma kwa nguvu kutoka upande wa bondeni, hasa kabla ya mvua, meko inakohoa moshi mara moja moja, kisha inaendelea. Nadhani ni upepo unaoupiga mlima na kugeuka kuingia kwenye ncha ya dohani. Tutajaribu kofia ya bati iliyoinuliwa juu ya miguu minne, na itafungwa kwa nati ili iweze kutolewa kama haitasaidia. Dohani itafagiwa tena kabla ya Juni, na safari hii tutaangalia masizi yake: yakiwa makavu na ya unga, kuni zimekauka vya kutosha, yakiwa bado yanang'aa, rundo lililopangwa nyuma ya nyumba lisubiri miezi mingine, nao wanunue muwati mkavu wa kuvushia msimu.